Chama kikiona kinakwenda kushindwa: kazi ya kabla ya kura, ya siku ya kura na ya miezi mitatu inayofuata

Wiki sita kabla ya siku ya kura, katibu wa chama wa jimbo huwa ameshajua. Hahitaji utafiti wa maoni. Anafungua madaftari matatu tu: la kata zisizo na mgombea udiwani, la vituo visivyo na wakala, na la wanachama waliolipa ada mwaka huu. Kata tatu hazina mgombea, robo ya vituo haina wakala, na waliolipa ada hawafiki hata waliohudhuria mkutano wa kumpitisha mgombea. Hapo kura zinajulikana zitakwendaje, hata kama kwenye mkutano wa hadhara uwanja ulijaa.

Desturi ni kunyamaza hadi matokeo yatangazwe, halafu kuanza kujiuliza "sasa tunaelekea wapi?" Kufikia hapo, watu wa kujibu swali hilo wametawanyika na karatasi za kulijibia zimepotea. Maelekezo haya yanawahusu viongozi wa kata, majimbo na wilaya za Dar es Salaam ambao chama chao kinatazamia kushindwa na wanataka kibaki na kitu mkononi. Mengi yake yanaanza kabla ya kura.

Kamati iundwe mapema, wala isiitwe kamati ya kushindwa

Chagua watu watano. Awepo mmoja wa hesabu (mhasibu au mwalimu wa hisabati anatosha), mmoja anayejua sheria, kijana mmoja, mwanamke mmoja anayefahamika mitaani, na mzee mmoja asiye na mpango wa kugombea chochote. Wasiwemo mgombea, meneja wa kampeni, wala mtu anayeutaka uenyekiti katika uchaguzi wa ndani unaofuata. Hao watahojiwa na kamati, kwa hiyo hawawezi kukaa upande wa wahoji.

Ipeni barua yenye sahihi za mwenyekiti na katibu, ikiandikwa kabla ya siku ya kura. Barua itaje mambo manne: kamati inatathmini nini, itaona nyaraka zipi, itakabidhi ripoti siku gani, na ripoti itasomwa mbele ya kikao kipi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika kuliko yote, na ndilo linaloua ripoti nyingi. Ripoti isiyo na kikao chake huishia kwenye droo ya katibu.

Sababu ya kuiunda mapema ni kwamba baada ya kushindwa, kila atakayeteuliwa ataitwa mtu wa fulani. Hatari yake ni kuvuja. Mitaa ikisikia chama kimeunda kamati ya kuchunguza kushindwa, wapiga kura watavunjika moyo na mawakala hawataamka. Iitwe Kamati ya Tathmini ya Uchaguzi, na isemwe wazi kwamba itafanya kazi ileile hata chama kikishinda. Na iwe kweli: chama kilichoshinda pia kinahitaji kujua kilishindaje.

Fomu ndizo mali

Kwa uchaguzi mkuu, kila kituo kinatoa fomu za matokeo: 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Majumuisho yanaingia kwenye fomu za namba 24. Nakala ya wakala ndiyo ushahidi, ndiyo takwimu, na ndiyo ramani ya miaka inayofuata. Chama kinachokusanya nakala zake zote hata kikishindwa kimepata kitu ambacho fedha haiwezi kununua baadaye.

Andaa bahasha moja kubwa kwa kila kata, na juu yake bandika orodha ya vituo vyote vya kata hiyo. Kila fomu inapoingia, weka alama ya vyema mbele ya kituo chake na uandike saa iliyofika na jina la aliyeileta. Kituo ambacho fomu haikutoka kiandikwe sababu: wakala alizuiwa, aliondoka mapema, hakupewa nakala, au hakuwepo kabisa. Sababu hizi nne msizichanganye. Mbili ni za kupeleka kwa mwanasheria, na mbili za kujiuliza wenyewe.

Usitegemee simu peke yake. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini siku yenyewe ya kura, na jioni yake Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotembea usiku. Kila mpango wa kurusha picha za fomu kwenye kundi la WhatsApp unakufa siku kama hiyo. Kila kata iwe na nyumba moja ya kupokelea fomu, ambayo wakala anaifikia kwa miguu, na mwenye nyumba awe mtu atakayelala hapohapo. Picha mkiweza kupiga, pigeni, lakini karatasi ndiyo ya kwanza.

Sasa posho. Tuseme jimbo lina vituo 400 na posho ya wakala ni shilingi 30,000. Hizo ni milioni 12, na zitengwe kabla ya fulana, kabla ya spika, kabla ya gari la matangazo. Toa nusu asubuhi pamoja na chakula na maji, na nusu nyingine wakala anapokabidhi fomu. Ukilipa yote asubuhi, fomu nyingine zitabaki kwenye mifuko ya suruali. Ukiahidi kulipa "wiki ijayo", wakala ataikalia fomu yake, na tena atakuwa na haki ya kukasirika, maana amekaa kituoni tangu alfajiri hadi usiku kwa ajili yenu.

Siku tatu za kwanza ni za watu

Kabla ya kuhesabu chochote, tafuta kila mmoja aliyefanya kazi siku ile. Gawanyeni orodha: kila kiongozi wa kata apige simu au apite nyumbani kwa watu 20. Anauliza mambo matatu tu: uko salama, umekula, unadai nini. Waliokamatwa wapelekewe wakili na ndugu zao wajulishwe. Waliojeruhiwa na familia zilizopoteza mtu zitembelewe na viongozi wenyewe, si wajumbe, na bila kamera. Chama kisichofika msibani kwa mtu wake hakina haki ya kuja kumwomba kura.

Kisha madeni. Anza na madogo: mama ntilie aliyepika, bodaboda waliobeba mabango, kijana wa kuweka viti. Wenye spika na kiwanda cha fulana wanaweza kusubiri kwa makubaliano ya maandishi, ila mama ntilie yuko mtaani kila siku na kila mteja wake atasikia. Stakabadhi zote zihifadhiwe, kwa sababu Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka marejesho ya matumizi, ya wagombea na ya chama. Walioshindwa ndio huyapuuza, wakidhani hakuna anayewaangalia tena.

Mgombea azungumze mara moja na kwa ufupi. Ashukuru, aseme ushahidi unapelekwa wapi, ataje siku ya kikao kijacho. Asimtaje mtu wa kulaumiwa. Na viongozi wote wakubaliane siku 14 bila tamko la kujiuzulu wala la kumtaka mwenzao ajiuzulu.

Siku 14 zinaonekana kitu kidogo, ila tazama yaliyokipata chama cha NCCR-Mageuzi. Mwaka 1995 mgombea wake wa urais, Augustine Mrema, alipata takriban asilimia 27.8 ya kura, na mwaka 1996 Mrema huyohuyo akashinda uchaguzi mdogo wa Temeke. Chama kilikuwa cha pili nchini kwa kura za urais. Kilichokivunja ni ugomvi wa viongozi uliofuata, hadi Mrema akahamia chama cha TLP mwaka 1999. Uchaguzi wa 2000 NCCR hakikuwa hata na mgombea wa urais, na kiliambulia jimbo moja. Kura zake za 1995 hakuna aliyeziiba baadaye. Chama chenyewe kiliziacha zipotee.

Kusoma namba

Fungua daftari lenye safu tano kwa kila kituo: waliojiandikisha, waliopiga kura, kura zetu za urais, za ubunge, za udiwani. Halafu piga hesabu mbili: kura zetu kwa kila mia ya waliopiga, na kura zetu kwa kila mia ya waliojiandikisha. Wengi hufanya ya kwanza tu, na hapo ndipo wanapotea njia.

Chukua mfano wa vituo viwili vyenye waliojiandikisha 420 kila kimoja. Kituo cha kwanza wamepiga 150, chama kimepata 90. Ni asilimia 60, na kila mtu atasema hapo ni ngome. Kituo cha pili wamepiga 300, chama kimepata 105, yaani asilimia 35, na watasema hapo tumepigwa. Lakini kwa hesabu ya waliojiandikisha, cha kwanza ni asilimia 21.4 na cha pili ni 25. Watu wenu ni wengi zaidi kule mnakodhani mmepigwa. Na kazi za vituo hivyo hazifanani. Cha kwanza kinahitaji mtu wa kupita mlango kwa mlango kuwatoa watu nyumbani. Cha pili kinahitaji hoja, kwa sababu watu wanatoka ila wanampa mwingine.

Kwa Dar kuna tahadhari. Jiji lina wapangaji wanaohama kila kodi inapopanda, na daftari la wapiga kura linabaki na majina ya waliokwishahamia Chanika au Goba. Kituo chenye waliojitokeza wachache si lazima kiwe cha wavivu. Chagua vituo vitano, kaa na mwenyekiti wa tawi na wenye nyumba wawili watatu, mpitie mtaa kwa mtaa ni nani bado yupo. Saa mbili za kazi hiyo zitawaambia kama tatizo ni hamasa au ni daftari.

Linganisha pia safu tatu za kura kwenye kituo kilekile. Diwani akipata kura nyingi kuliko mgombea wa urais wa chama chake, mtaa unamjua mtu kuliko chama. Huyo diwani, hata kama ameshindwa, ndiye mtaji. Akiachwa bila simu ya kiongozi hata mmoja kwa miezi mitatu, atapigiwa na wengine. Mwaka 2015 vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, vilichukua majimbo 6 kati ya 10 ya Dar es Salaam. Kufikia mwisho wa 2018 wabunge wa Kinondoni, Ukonga na Temeke walikuwa wamekwenda "kuunga mkono juhudi", yaani kuhamia CCM, na mwaka 2020 majimbo yote 10 yakaenda CCM. Kama mshindi huondoka, aliyeshindwa na kuachwa mpweke ataondoka upesi zaidi.

Pale namba za fomu zenu na zilizotangazwa zisipolingana, ziandike pembeni na mpe mwanasheria siku hiyohiyo. Kesi za ubunge hufunguliwa Mahakama Kuu, za udiwani Mahakama ya Hakimu Mkazi, na dirisha lake ni fupi: hesabu siku 30 tangu kutangazwa, na kila siku ina thamani. Matokeo ya urais yakishatangazwa na tume, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuyachunguza, kwa hiyo msiwaahidi wanachama kesi ambayo haipo.

Kusikiliza wasio wanachama

Kila kata, ongeeni na watu 12 wasio na kadi yenu: wawili kutoka kijiwe cha kahawa, wawili bodaboda, wawili saluni au kwa fundi cherehani, wawili wenye genge au duka, wawili wapangaji vijana, wawili wazee wa mtaa. Anayeuliza atoke kata nyingine, asivae rangi ya chama, na asiandike jina la mtu. Katika mazingira ambayo watu wanaogopa, orodha ya majina ni mzigo kwa aliyesema ukweli.

Watu wa Dar wana adabu. Ukiuliza "mnatuonaje?" utajibiwa "mlijitahidi sana", na utarudi ofisini na karatasi tupu. Uliza lililotokea, usiulize maoni:

Mara ya mwisho kumwona mtu wa chama chetu mtaani hapa ilikuwa lini, na alikuja kufanya nini?
Maji yakikatika au mtaro ukiziba, unampigia nani?
Siku ya kura ulikuwa wapi tangu asubuhi?
Kuna jambo gani mgombea wetu alilisema ukaenda nalo nyumbani?

Swali la pili ndilo zito. Kama kata nzima hakuna aliyetaja mtu wa chama chenu, mmeshapata nusu ya ripoti.

"Tuliibiwa" na kumtafuta mchawi

Vikao vya tathmini huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kila kitu kuwekwa kwa mpinzani: wizi, polisi, tume. Ya pili ni kumtafuta mchawi ndani, na kwa kawaida mchawi huwa ni yule asiyekuwepo kikaoni. Uchaguzi unaweza kuwa haukuwa wa haki na chama kikawa hakikujiandaa. Mambo hayo yanakaa pamoja bila kupingana. Gawa karatasi katikati. Upande mmoja yaandikwe waliyotutendea wengine, kila moja na ushahidi wake. Upande wa pili yaandikwe yaliyokuwa mikononi mwetu. Saa ya kwanza ya kikao ni ya upande wa pili. Ukianza na wa kwanza, jua litazama hamjaugusa wa pili.

Chama cha NDC cha Ghana, kiliposhindwa Desemba 2016, kiliunda kamati ya watu 13 chini ya Kwesi Botchwey, waziri wa zamani wa fedha. Ilizunguka mikoani kusikiliza wanachama na kukabidhi ripoti mwaka 2017. Hakikushinda mara moja. Mwaka 2020 kilikosa urais lakini kikafungana na chama tawala bungeni kwa viti 137 kila kimoja, na Desemba 2024 kikashinda urais. Kazi ile ilichukua miaka minane, na ndiyo kipimo cha haki cha kumwambia mwanachama anayetaka mabadiliko kufikia Krismasi.

Kuamua mwelekeo: hoja, washirika, uongozi

Kwa mpangilio huohuo. Vyama vingi huanza na uongozi, halafu hoja huwa kauli mbiu ya kambi iliyoshinda.

Hoja iwe moja, na iwe na karatasi nyuma yake. Mwaka 2005 CHADEMA ilipata chini ya asilimia 6 ya kura za urais. Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, katibu mkuu wake, Dk. Willibrod Slaa, alisoma hadharani majina ya aliowatuhumu kwa ufisadi, na chama kikabaki na hoja hiyo miaka mitatu. Mwaka 2010 kura zake za urais zilifika takriban asilimia 27, na majimbo ya Ubungo na Kawe yakawa yake. Hoja ya kata inaweza kuwa mtaro, ada za machinga, au fidia ya bomoabomoa, ilimradi kuna barua, risiti na majina ya barabara.

Ushirika na vyama vingine uandikwe mapema: nani anasimama jimbo gani, ruzuku inahesabiwaje, nani anajibu kwa niaba ya wote. UKAWA ilikubaliana kuachiana majimbo na ikapata mengi, lakini kumpokea Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, miezi michache kabla ya kura kuliwaondoa Dk. Slaa CHADEMA na Profesa Ibrahim Lipumba kwenye uenyekiti wa CUF. Mgogoro uliofuata ndani ya CUF ulidumu hadi Machi 2019, katibu mkuu wake Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake walipohamia ACT-Wazalendo kwa wito wa "shusha tanga, pandisha tanga". Kuhama kulifanikiwa kwa sababu kulifanywa kwa mpango, tawi kwa tawi. Lakini hata hivyo viti vya ubunge na jina vilibaki nyuma.

Uongozi ubadilishwe kwa kalenda ya katiba ya chama, wala si kwa hasira ya wiki ya kwanza. Na mkutano ukishaamua, walioshindwa wapewe kazi yenye jina na bajeti ndani ya mwezi mmoja. Uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA pale Mlimani City, Januari 2025, Tundu Lissu alipata kura 513 na Freeman Mbowe 482. Mbowe alikubali matokeo na kumpongeza mshindi, jambo la kuigwa. Hata hivyo miezi minne baadaye kundi la makada lilihamia chama kingine, CHAUMMA. Pengo dogo namna hiyo maana yake nusu ya chama imeshindwa, na nusu hiyo haitulizwi kwa hotuba.

Kalenda inayofuata si ya miaka mitano

Hapa ndipo mipango mingi inapokosea. Uchaguzi wa serikali za mitaa hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja: 2014, 2019, 2024. Kwa mwendo huo unaofuata ni 2029, na ndiyo tarehe ya kwanza ya kupangia. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayepigiwa simu mtaro ukiziba.

Hesabu kurudi nyuma. Mwaka wa kwanza: madeni, ripoti, na daftari la wanachama linalosahihishwa kila robo mwaka, kwa sababu ya wapangaji. Mwaka wa pili: kila mtaa ambao kura zenu zilizidi robo ya waliojiandikisha uwe na mtu mmoja anayehudhuria mikutano ya mtaa bila kukosa, na anayeandika yaliyosemwa. Mwaka wa tatu: wagombea wajulikane. Mikutano ya hadhara imeruhusiwa tena tangu Januari 2023, ila taarifa ya maandishi ifike polisi saa 48 kabla, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwenu.

Mwaka wa nne ni wa fomu. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya ujazaji, yawe ya kweli au ya kutafutwa, na vyama kadhaa vikajitoa. Kila mgombea ajaze fomu ya mazoezi mara tatu mbele ya mtu mwingine: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, umri, kazi, sahihi, mhuri wa ngazi ya chama inayotakiwa na kanuni za mwaka huo. Arudishe fomu akiwa na shahidi na apige picha kila ukurasa.

Na wapiga kura waambiwe mapema kwamba kadi ya uchaguzi mkuu haiwaingizi kwenye orodha ya mtaa. Orodha hiyo huandikwa upya, na mwaka 2024 uandikishaji ulichukua siku 10 tu, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba. Kila tawi liwe na zamu za asubuhi na jioni kwa siku zote, mtu mmoja akisimama karibu na kituo na daftari la wanachama, akiweka alama ya vyema. Jioni ya siku ya saba, wasio na alama wafuatwe nyumbani, wapangaji wakiwa wa kwanza.